Manyapara wa Damu na Mtoto wa Mama Wawili

Mtu akiniuliza pale soko la Chepilat nilikuwa nafanya kazi gani miaka yote hiyo, humwambia nilikuwa natafuta nukta. Wengi hunitazama kwa huruma, wakidhani nilikosa ajira. Lakini nyinyi mliobaki maabara mnajua ninachosema, na nyinyi ndio mlionibana niandike kabla sijasahau, basi ketini mnisikilize. Ya vyeo na mishahara sitayaandika. Cheo changu kilikuwa kimeandikwa mlangoni, mlango ukapakwa rangi upya kikafutika, na nilicheka siku nzima.

Siku ya kwanza nilipokewa na Mzee Tonui, fundi mkuu wa maabara, mtu mfupi mwenye sauti ya mhubiri. Alinikalisha mbele ya darubini, akaniwekea kioo chenye tone la damu ya mtu wa Soin, kule chini kwenye joto na mbu, akaniambia nimtafutie malaria. Nilitafuta hadi shingo ikaniuma. Ghafla nikaruka kitini, nikamwita kwa furaha kwamba nimepata mdudu mkubwa ajabu, pengine wa aina mpya. Mzee akachungulia, akasema, "Kemunto, huyu ni uzi wa sweta yako." Tangu siku hiyo, baridi ya Kericho iwe kali namna gani, sweta niliiacha nje ya mlango.

Baadaye ikaja mashine ya leza. Sanduku lake halikuingia mlangoni, ikabidi tung'oe mlango. Ukiitilia damu iliyopakwa rangi maalumu, mashine inapitisha seli moja moja mbele ya mwanga, na kila seli inajitokeza kwenye skrini kama nukta. Rangi ndiyo inayokwambia nukta hiyo ni ya ukoo gani. Mzee Tonui aliizunguka mikono ikiwa mgongoni, akasema haina adabu kwa sababu haimwachi mtu achoke macho. Kufikia Ijumaa alikuwa ameipenda kuliko sisi.

Mnajua desturi yetu ya asubuhi. Kabla hujapitisha damu ya mgonjwa, upitishe kwanza ya mtu mwenye afya, ujue mashine haijalala. Na huyo mwenye afya ni nani? Ni yeyote kati yetu aliyechelewa kuficha mkono. Damu yangu ilikuwa inashika rangi vizuri, kwa hiyo mkono wangu ndio uliopendwa kuliko yote. Sidhani kuna mwanamke Kericho nzima aliyetazamwa ndani kama mimi, na mume wangu huko Kapsoit hana habari.

Kikosi tulichokuja kukipenda kuliko vyote ni seli T dhibiti. Nyinyi mmezisoma chuoni, lakini sisi tulizipata tukiwa watu wazima, na zikatupagawisha. Tulikuwa tumefundishwa kwamba seli T ni askari: mdudu akiingia, wanampiga. Sasa tukaambiwa kuna askari ambao kazi yao ni kuwazuia askari wenzao. Hawa wasipokuwepo, wale wengine wakimaliza mdudu hawarudi kambini, wanageukia utumbo, ngozi, kongosho, chochote kilicho karibu. Seli dhibiti ndizo zinazowaambia basi, imetosha. Mzee Tonui akaziita manyapara, na jina likashika. Nilimpinga, nikasema nyapara wa chai kazi yake ni kukuhimiza uchume, si kukuzuia. Akanijibu kwamba inaonekana sijawahi kuchuma majani magumu mbele ya nyapara wa shamba alilolelewa yeye.

Wakati huo tulikuwa tunachunguza kwa nini baadhi ya watu wa Soin hutembea na malaria damuni bila homa, na kama manyapara wana mkono katika jambo hilo. Jibu halikuwa jepesi. Wakizidi, mdudu anapata pa kujificha. Wakipungua, homa inamtesa mtu kupita kiasi. Kwenye saratani uvimbe huwavuta waje waulinde, na madaktari wanatafuta njia ya kuwafukuza pale. Kwenye figo iliyopandikizwa wanatafutwa kwa hamu, waje wautulize mwili uikubali. Nilipenda sana kwamba kikosi hicho hicho kinaombewa na kulaaniwa katika jengo moja.

Kuwaona ni kazi. Alama zao mbili, CD4 na CD25, ziko nje ya seli na zinapakika bila shida. Lakini FOXP3, ile protini inayowafanya wawe manyapara, imejificha ndani kabisa kwenye kiini, kwa hiyo lazima uitoboe seli kwa dawa ili rangi iingie. Ukiharakisha, skrini inabaki tupu. Ukizidisha, unabaki na uji. Tuliharibu mirija mingi. Siku nukta zilipojitokeza kwa mara ya kwanza kwenye kona ya manyapara pale skrini, Mzee Tonui aliimba wimbo wa kanisani, na wagonjwa waliokuwa kwenye benchi nje wakaitikia. Alistaafu muda si mrefu baadaye, akiwa mtu mwenye furaha kupita kiasi.

Nikabaki na mashine, na ndipo akaja Brian.

Alikuwa mgonjwa wa Daktari Njeri, daktari wa watoto aliyekuwa mgeni kwetu, kijana, mwepesi wa miguu na wa kucheka. Brian alikuwa na miezi michache tu, na alitoka kambi ya wafanyakazi wa shamba moja la chai upande wa Bomet. Alikuwa anaharisha bila kukoma na hatukupata mdudu wowote. Ngozi yake ilikuwa imechubuka mwili mzima. Sukari ilikuwa juu, mtoto mchanga hivyo na tayari anadungwa insulini. Alikuja na mama yake, Mama Chebet, Mkipsigis mwenye mvi zilizochungulia chini ya kitambaa, na yaya mnyamavu aliyebeba mkoba wa nepi. Nilimtazama Mama Chebet, nikakisia umri wake, nikashindwa kujizuia.

"Mama, hongera! Kumbe bado uko na nguvu hivi?"

"Kongoi, taktari," akanishukuru bila kupepesa jicho. "Hata mimi nilishangaa."

Daktari Njeri akamuuliza hali ya wavulana wake wengine.

"Wako sawa kapisa. Mkubwa anaendesha trekta, anakula kama hiyo trekta."

"Na hakuna kijana alikufa akiwa mdogo?"

"Kwangu? Hapana."

Yaya aliinama, akakunja nepi iliyokuwa imeshakunjwa.

Jibu hilo lilimchanganya daktari. Alikuwa anashuku ugonjwa mmoja nadra sana wa kurithi, unaowapata wavulana na kupitia kwa mama ambaye mwenyewe haugui, na katika ukoo wa namna hiyo wavulana hufa wachanga. Hata hivyo aliniomba nitazame manyapara. Nikapitisha damu yangu kwanza, kona ikajaa nukta kama kawaida. Nikapitisha ya Brian. Askari walikuwa tele, wamejaa uwanja mzima, lakini ile kona haikuwa na kitu. Nikadhani sikutoboa seli. Nikarudia zote mbili kwa pamoja, dawa moja, mkono mmoja. Mimi nimejaa, yeye mtupu. Nikakimbia hadi kwa Daktari Njeri, naye alipoona picha akanishika mikono tukarukaruka kwenye korido, kisha tukakumbuka tunachoshangilia, tukaacha. Ugonjwa tulikuwa tumeujua, lakini ni ugonjwa unaoua.

Dawa za kuwatuliza askari zingemshikilia kwa muda. Tiba ya kudumu ilikuwa kumpa uboho wa mtu mwingine, ili ndani ya mifupa yake uzae manyapara wapya. Wa kwanza kutafutwa ni ndugu wa tumbo moja. Brian alikuwa anapungua kila alipokuja, kwa hiyo hatukuwa na nafasi ya kuzubaa.

Mama Chebet alipoambiwa alete ndugu za mtoto, alitazama dari, akatazama yaya, kisha akasema sawa. Akaleta wanawe watatu, wanaume wa miraba minne waliokunja mikono ya shati kabla ya kuulizwa. Wa mwisho aliona sindano akaanguka chini. Tulimpepea, akafungua macho, akauliza kama mtoto ameshapona. Damu ikaenda Nairobi kupimwa aina ya tishu, ya Brian, ya wanaume hao na ya Mama Chebet.

Mtoto huchukua nusu ya alama za tishu kwa mama yake. Hilo halina mjadala. Majibu yaliporudi, Brian hakuwa na nusu yoyote ya Mama Chebet. Niliapa tumechanganya mirija. Tukawaita tena, tukawatoa damu tena, yule wa kuzimia safari hii akijilaza mwenyewe mapema. Majibu yakaja yale yale. Daktari Njeri akafunga mlango wa ofisi yake.

"Madam, huyu mtoto si wake. Na kama ameibiwa? Nikinyamaza, nina makosa. Nikiita polisi, watamchukua, na bila ndugu yake wa kweli mtoto hataishi."

"Nipe kesho," nikamwambia. "Niende niwaulize kama mama, si kama maabara."

Nilifika kambini wachumaji wakiwa wanarudi kutoka shambani. Mama Chebet alinikaribisha kwa furaha iliyozidi, akanimiminia chai ya maziwa, akaniuliza habari za mashine kama mtu anayeulizia wakwe. Yaya alikuwa kwenye kiti cha pembeni amempakata Brian. Nilikuwa nimeinua kikombe, mtoto akaanza kulia, na blauzi ya yaya ikalowa kifuani pande zote mbili. Nimezaa, najua kitu hicho. Nikaweka kikombe chini.

"Mama Chebet, huyu yaya wako anapenda mtoto mpaka maziwa yanatoka?"

Mama Chebet akapiga paja lake, akacheka hadi machozi.

"Nilimwambia Dorka! Nilimwambia hii maneno itatushinda kwa taktari!"

Basi nikaelezwa. Yaya hakuwa yaya. Aliitwa Atieno, mke wa mfanyakazi wa kiwandani, na ndiye aliyemzaa mtoto. Alikuwa ameshazika wavulana wawili wachanga. Dorka, mama yake mzazi, Mjaluo aliyechuma chai shamba hilo hilo tangu ujana, alifanya wa tatu alipozaliwa kile wanachofanya watu wa kwao watoto wakifuatana kufa: mtoto hutupwa. Alimlaza kando ya njia kwenye chai, amefungwa blanketi, na jirani waliyepatana naye mapema, Mama Chebet, akapita hapo eti kwa bahati, akashtuka, akamwokota. Mtoto akawa wa jirani. Kifo kikija kutafuta mvulana wa Atieno, hakitamkuta. Jina lake la nyumbani likawa Owiti, aliyetupwa. Kwa kawaida mambo hayo huisha mapema na mtoto hurudi kwa mama yake huku kila mtu anajua, lakini Dorka alikuwa ameumwa mara mbili, akakaza kamba. Mpaka mtoto atembee, Atieno asithubutu kusema ni wake, si kanisani wala kwa daktari. Ndiyo maana akaandikishwa Brian, kwa ubini wa watu wa Mama Chebet. Naye Mama Chebet aliichukua kazi hiyo kwa moyo wote, hadi akaanza kulalamika maumivu ya mgongo ya uzazi.

"Lakini daktari alikuuliza kama kuna kijana alikufa!"

"Aliuliza kwangu. Kwangu hakuna."

Nilicheka, sikuweza kujizuia, na bado nilikuwa nacheka Dorka alipoingia na mfuko wa kuchumia mgongoni. Alinitazama, akamtazama binti yake na ile blauzi, akaelewa.

"Umekuja kumtaja?" akaniuliza.

"Nimekuja kumtafutia dada au kaka, Dani," nikamjibu. Dani ndiyo nyanya kwa lugha yao, na nilijua angalau hilo.

"Leo useme ni wa Atieno, kesho mimi nachimba kaburi. Nimechimba mara mbili. Mgongo umekataa."

Hapo kicheko kiliniisha. Nikamwambia akae, naye akakataa kukaa, nikamweleza akiwa amesimama. Nikamwambia mwilini mwa huyu mtoto askari wako wengi na wana nguvu. Hakuna mtu aliyemtumia uchawi. Askari wake mwenyewe ndio wanaomla tumbo na ngozi, kwa sababu manyapara wa kuwaambia tosha hakuzaliwa nao. Ukimficha kwa jirani, askari wanaenda naye kwa jirani.

"Na wale wawili?"

"Kama waliharisha hivi, na ngozi ikawa hivi, nafikiri ni huu huu."

"Walikuwa hivi hivi," akasema Atieno. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake.

Dorka alitua mfuko, akakaa.

"Mimi pia nilizika," akasema. "Kabla nimzae huyu. Wavulana."

"Inapita kwa mama, Dani, mama haumwi wala hajui. Wewe ulipewa na mama yako, ukampa Atieno. Hakuna mtu alifanya kitu."

"Sio yule jirani wa kule kwetu?"

"Sio jirani."

"Na sio Atieno?"

"Sio Atieno. Wala wewe."

"Basi kuna mama fulani kule kwetu sijamsalimia tangu nikiwa na meno yote," akasema, na Mama Chebet akaanza kucheka tena, na Dorka naye akacheka, analia, anacheka, hadi ikabidi tumpe chai.

Kulikuwa na dada mkubwa, Akinyi, mwanafunzi mwenye mapengo ya meno na afya ya kukera. Dorka alikubali atolewe damu, lakini akasema mtoto hawezi kuchukuliwa hivi hivi kama mzigo, lazima arudishwe kwa njia yake: aliyeokota apewe kitu. Kuku akaletwa. Mama Chebet akasema kazi aliyofanya ni ya jogoo. Wakabishana kwa furaha kubwa, jogoo akaletwa. Lakini ilipofika kumtoa mtoto, mzaha ukamwishia. Alimbusu kichwani kwenye ile ngozi mbaya, akamweka mikononi mwa Atieno, akashika jogoo wake na kutazama ukutani. Atieno alifungua mdomo kusema neno, akaufunga. Dorka akatuambia tumwache. Kusema kwamba ni mtoto wake bado kulimtia woga mno.

Akinyi akafanana na ndugu yake kwa kila alama. Daktari Njeri aliponisomea majibu nilipiga kelele hadi mlinzi wa getini akaja na rungu. Kanisa, kiwanda na kambi nzima wakachanga, yule wa kuzimia akiwa ndiye mwenyekiti, na wakaenda India: Atieno, watoto wawili, na daktari hadi uwanja wa ndege.

Wakati wa kungoja nilisoma kila nilichopata, kwa sababu nilishindwa kutulia. Kuna wanaojaribu kuchukua manyapara wachache wa mgonjwa, kuwazalisha kwenye maabara na kumrudishia. Wengine wanatoa dozi ndogo ya dawa ya kuwaamsha walio ndani. Wengine wanajaribu kurekebisha jeni yenyewe kwenye seli za mtoto, asihitaji ndugu tena. Mengi bado yanajaribiwa, kwa hiyo msiende kuwaambia wagonjwa yameshaiva. Lakini yatafika, na nyinyi ndio mtakaokuwa kwenye kiti nilichokiacha, ambacho kinahitaji mto. Hata waliozigundua seli hizi walipopewa tuzo kubwa ya dunia, nilimpigia simu Mzee Tonui, akaniuliza kwa nini hatujaalikwa.

Walirudi baada ya miezi mingi. Brian alikuwa na mashavu. Niliwaacha kwenye benchi la korido, Atieno na mtoto, Dorka, Mama Chebet na Akinyi, nikaingia na mrija wa damu. Nikatoboa seli taratibu. Nikapitisha damu yangu. Nikapitisha yake. Sehemu ya kwanza ya skrini ikajaa, halafu ya pili, na ile kona ikabaki tupu. Kisha ikaja nukta moja, zikaja nyingine, zikamiminika. Manyapara wa Akinyi walikuwa wameripoti kazini. Nililia, nikacheza peke yangu kati ya friji na sinki, na mliokuwepo mlinitazama kwa mshangao na sijali.

Nikafungua mlango. "Mama Brian!"

Mama Chebet akainuka kwa mazoea, akakumbuka, akaketi akijiziba mdomo. Watu wa benchi wakasubiri. Atieno akanitazama usoni, nikaitikia kwa kichwa kumwambia ndiyo, wapo, wamejaa. Akasimama.

"Ni mimi," akasema, kwa sauti ndogo. Kisha akamwinua mtoto juu. "Nyathina. Huyu ni mtoto wangu. Mimi ndiye nilimzaa." Dorka alishika ukingo wa benchi lakini hakumnyamazisha. Na Atieno akaendelea, katikati ya korido, akataja jina la mtoto, Owiti, akataja jina la baba yake, akataja kambi na nyumba wanayokaa, kwa sauti iliyofika hadi getini, ya mtu anayetaka asikike vizuri na yeyote anayetafuta wavulana wake.